Mwenye Madirisha ya Kijani

Kichochoro cha Wachota Maji,
Husainiya, Kairo.
Alhamisi jioni, Mei 1934.

Kwa kaka yangu mpenzi Sabri,

Assalaam alaykum. Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi cha vumbi la karakana kiwe kimekuachia kifua. Sisi huku miili yetu ni mizima, mengine utayasoma. Najua umeduwaa kumwona mdogo wetu Zuhra mlangoni kwako Ismailia, ameshikwa mkono na Mama Girgis, jirani yetu wa chini, bila taarifa wala simu. Wakaribishe kwanza. Mama Girgis hatakaa, anaendelea na safari kwa binti yake. Zuhra hatakuwa amekula, maana tumbo lake garini hukataa chakula. Mpe chochote cha moto, mlaze, kisha funga mlango usome barua hii peke yako mpaka mwisho. Nakusihi usiikate katikati ukakimbilia stesheni.

Najua pia kwamba Ami Ghaffar amekwisha kukuandikia. Ametuambia mwenyewe, tena kwa kujivuna, kwamba amekuita uje uoshe uso wa marehemu baba kwa sababu ya dada yako. Sikatai kwamba nyumba yetu imetajwa mbele za watu. Imetajwa, na wenye masikio wote wamesikia. Lakini alivyokueleza sivyo ilivyokuwa, na mimi ndiye niliyekaa ndani ya jambo hili tangu mwanzo, kwa hiyo nisikilize mimi.

Unakumbuka ile redio iliyoletwa kahawani kwa Mzee Sanad. Ulipokuja Idi uliona jinsi jioni zetu zilivyogeuka: baada ya magharibi wanaume wamejaa chini, wanawake tumejaa madirishani, na hata wagomvi wanaahirisha ugomvi wao mpaka matangazo yaishe. Kwetu husikilizwa Redio Karkur, ile ya muuza santuri. Kwanza Kurani, kisha nyimbo, kisha Bwana Karkur anasifu samli na sabuni za rafiki zake na kuwatukana wenye redio nyingine. Halafu zinasomwa salamu, ambapo mtu akitoa pesa kidogo jina la ampendaye linatajwa na wimbo unapigwa. Mwisho kabisa anakuja yule mchekeshaji, Abu Lamuni, anayegombana na mama mkwe wake asiyeonekana. Wewe mwenyewe ulimcheka hadi ukamwaga chai. Mama naye, ambaye tangu baba afariki alikuwa akicheka amefunika mdomo, kwa Abu Lamuni alikuwa akicheka kwa sauti, na mimi nilifurahi nisifikirie zaidi.

Jioni moja wiki iliyopita Ami Ghaffar alikuwa kahawani, na mchumba wangu Lutfi ameketi pembeni yake. Mimi na Zuhra tulikuwa dirishani, Mama ndani akichagua mchele. Zikaja salamu. Mtangazaji akasoma za huyu na za yule, kisha akasema, kama anayesoma habari ya kawaida, kwamba wimbo unaofuata ni wa mwenye madirisha ya kijani, kichochoro cha Wachota Maji, na unatoka kwa mtu anayengoja neno kutoka kinywani mwake mwenyewe.

Kaka, madirisha ya kijani kichochoro hiki ni yetu tu. Wewe ndiye uliyeyapaka kwa rangi iliyobaki karakana. Watu waliinua vichwa wote pamoja, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale. Nikiingia ndani, nimekiri. Nikibaki, sina haya. Nikabaki. Kuna mcheshi mmoja akamwambia Mzee Sanad aongeze viti, mwenye madirisha atapata wageni. Watu wakacheka. Lutfi akaweka kikombe chini, akatengeneza tarbushi yake, akaondoka bila kutazama juu.

Ami alipanda ngazi taratibu, na hilo lilinitisha kuliko kama angekuja mbio. Hakunipiga. Alikaa kwenye kiti cha baba akaniuliza jina la mtu huyo. Nikamwambia sina jina la kutoa. Akasema asiye na jina moja huwa anayo mawili. Nikaapa kwa Mungu na kwa kaburi la baba, akasema kaburi la baba niliache lipumzike, nimelisumbua vya kutosha. Mama alisimama mlangoni na ungo wa mchele mkononi, uso umemwiva. Hakunitetea wala hakuniuliza kitu. Ami alipoondoka bado hakuniuliza, na hilo ndilo lililoniuma, maana mama akikuuliza bado ana shaka. Nilidhani amekwisha kunihukumu.

Kesho yake Ami alileta mbao na misumari akayapigilia madirisha yote ya mbele. Kwa joto hili la Mei tukawa kama mikate ndani ya tanuri. Mama yake Lutfi akaja na dada zake wawili, akachukua pete, akachukua na kile kitambaa cha hariri. Mama akawaomba wakae kwanza, wanywe hata maji. Akasema wao walitafuta mke wa mwanao, hawakutafuta mke wa redio. Kauli hiyo ilishuka ngazi kabla yake, na kufikia jioni watoto walikuwa wakiniita hivyo chini ya mbao zetu.

Sasa nikueleze lililonishangaza. Mtu mwenye hasira kiasi kile angekwenda kwa Bwana Karkur siku ileile amtikise mpaka jina litoke. Ami hakwenda. Kila mzee aliyemshauri aende alimjibu kwamba aibu haichokonolewi, hufunikwa. Kila siku akija alikagua misumari, anamuuliza Zuhra kama kuna mtu aliyebisha hodi, kama Mama ametoka, kama kuna aliyempa chochote. Nilidhani anamuulizia Mama kwa ajili yangu.

Huku nyuma zikaenea habari kwamba serikali itazifunga redio zote ndogo mwisho wa mwezi, ibaki moja kubwa isiyo na matusi wala salamu za wapenzi. Basi kahawa ikajaa kuliko Ramadhani. Walisema wamekuja kuaga Redio Karkur, lakini kila salamu zilipoanza shingo zilikuwa zikigeukia kwetu. Sisi tulikuwa tukishuka kusikilizia chumbani kwa Mama Girgis, ambaye madirisha yake ni ya kahawia na hayana kosa. Mimi nilikuwa nikikaa sakafuni, chini ya dirisha, nisionekane.

Salamu za pili zilikuja jioni ya Jumatatu wiki hii. Mtangazaji alisita kidogo kabla ya kuzisoma. Zilisema hivi, nami nimezishika zilivyo: mwenye madirisha ya kijani, nilijibiwa na mwingine badala yako. Nijibu wewe. Hata ukisema hapana, nitanyamaza.

Mzee Sanad anasimulia kwamba Ami Ghaffar alibadilika rangi pale alipokaa. Aliita wapagazi wake wawili wa dukani, wale wabeba magunia ya unga, wakapanda gari la farasi. Sisi hatukujua. Tulikuwa tukimsikiliza Abu Lamuni akimlalamikia mama mkwe wake kwamba amehesabu bilingani na moja limepungua. Katikati ya maneno tukasikia mlango umepigwa teke, na sauti ya mtu ikiuliza yuko wapi huyo mwanaharamu.

Abu Lamuni hakusita. Alisema, "Karibu, mama mkwe. Tangu jana umeota ndevu."

Kichochoro kizima kikalipuka kwa kicheko. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Kisha ile sauti ikanguruma tena, na kicheko kikaanza kufa, kwanza meza za mbele, kisha za nyuma, kisha madirishani, kwa jinsi kila mtu alivyoitambua. Ilikuwa sauti ya Ami. Hasira zilikuwa zimempofusha, hakukitambua kile chombo kilichokuwa mbele yake mezani, wala hakujua kwamba kila neno lake linaangukia kahawani kwa Mzee Sanad.

Alisema, "Nilikwambia dukani kwangu: mjane wa ndugu yangu haolewi na mchekeshaji anayeziba matundu ya stovu. Jibu nilikupa."

Ndipo Abu Lamuni akajibu, na sauti yake haikuwa tena ya Abu Lamuni. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, ya chini, haina mzaha hata chembe. "Ulinipa jibu lako. Yeye ulimwuliza?"

"Wa kuulizwa ni mimi. Akiolewa nje, fungu la ndugu yangu litatoka nje. Yule binti mdogo nimekwisha kumwekea mwanangu amwoe, na nyumba itabaki nyumba."

"Na huyu binti unayemwacha anasingiziwa, ilhali unajua salamu si zake?"

"Binti ataposwa tena," Ami alisema. "Mjane akishapata ulimi, basi."

Hapo ikaanza santuri, katikati ya wimbo, kwa kishindo. Bwana Karkur alikuwa ameokoa alichoweza kuokoa.

Mzee Sanad alinyanyuka akaizima redio. Nilipoinua uso, wanawake wote waliokuwa chumbani kwa Mama Girgis walikuwa wakimtazama Mama, si mimi. Mama aliomba maji. Akapewa. Akakishika kikombe bila kunywa, akakirudisha, akashukuru, akanishika mkono tukapanda juu.

Tulipofika juu nilimgeukia kwa ukali ambao sijawahi kumwonyesha. Nilimuuliza kama alijua. Wiki nzima naitwa mke wa redio, pete imechukuliwa, nalala ndani ya sanduku la mbao, na yeye alijua?

Mama alisema, "Sikujua, mwanangu. Nilitamani. Nilitamani iwe ni mimi, nikaona haya kutamani, na haya hiyo ndiyo iliyonifunga mdomo."

Kisha akanieleza, nami nakueleza wewe. Mtu huyo jina lake ni Hasanein. Mchana hutengeneza stovu katika kibanda chake Bab al-Shaariya. Jioni ndiye Abu Lamuni. Ni mjane kama yeye. Mama alimpelekea stovu yetu wakati wa baridi, Zuhra akiwa naye, na alipomsikia akimuuliza Zuhra kama mgonjwa, yaani stovu, amekohoa usiku kucha au alfajiri tu, aliitambua ile sauti ya redioni. Stovu yetu ikawa inaharibika mara kwa mara. Mama anaapa hakuna lililosemwa baina yao zaidi ya stovu, na Zuhra ni shahidi, muulize. Lakini Hasanein alikwenda dukani kwa Ami, mchana, amevaa kanzu safi, akaposa kama wanavyoposa watu. Ami akamfukuza, akamwambia kwamba mjane mwenyewe ndiye aliyekataa na kwamba amemcheka. Wala hakumwambia Mama kitu. Yule mtu hakuamini. Hakuwa na njia ya kuingia nyumba hii wala Mama hajui kusoma barua, akatumia njia aliyokuwa nayo. Kwamba ndani ya nyumba kuna binti mchumba wa mtu, hilo hakuliwazia. Mimi nimemwambia usoni kwamba lilikuwa jambo la kijinga, akasema ni kweli.

Ami alikuja asubuhi yake. Alikuwa amekwisha kutambua kwamba watu wamemsikia, maana njiani walimsalimu kwa adabu mno. Usidhani aliona haya. Alisema ni afadhali, sasa kila mtu anajua msimamo wake. Kama Mama atathubutu kuolewa na yule mtu, Ijumaa baada ya sala atakuja kumchukua Zuhra, na sheria iko upande wake kwa kuwa mama aliyeolewa na mgeni, asiye ndugu wa mtoto, hana haki ya kukaa naye. Zuhra alikuwa nyuma ya pazia. Alisikia yote. Ndiyo maana ukimwona anashtuka mlango ukigongwa, usimcheke.

Sasa nafika penye neno ambalo kwa ajili yake nimeandika haya yote, nami naliandika bila kujuta, ila naogopa utakavyolipokea.

Jana Jumatano ilikuwa jioni ya mwisho ya salamu za Redio Karkur. Nilimwambia Mama nitakwenda mimi nimpelekee Bwana Karkur jibu lake, ndiyo au hapana, lisomwe, mambo yaishe. Akasema bikira akiulizwa hunyamaza, na kunyamaza kwake ni kukubali; mjane sharti atamke. Mimi nilinyamaza, watu wakafanya kunyamaza kwangu kuwa hatia. Yeye hatanyamaza. Akajifunga baibui lake. Kaka, mimi ndiye niliyemshikia mkono. Hakuna aliyetulazimisha.

Redio Karkur ni chumba kimoja juu ya duka, kuta zimetundikwa mablanketi, kinanuka gundi na sigara. Abu Lamuni tuliyemdhania mtu wa kitambi ni mwembamba, ana upara, na vidole vyake vina alama za moto wa kuchomelea. Alipomwona Mama alisimama, akavua tarbushi, akaivaa tena. Kisha aliuelekeza uso wake ukutani mpaka Mama alipomaliza, ili asimtazame wakati wa kuamua. Kwa jambo hilo nilianza kumheshimu. Bwana Karkur akasema tayari serikali inamfunga, wapi tena watamfunga, tuendelee.

Mama aliinama kwenye ile maikrofoni kama mtu anayechungulia kisima. Alisema, "Mimi ni Nafisa binti Mahrus, mjane wa Abdelhamid. Madirisha ni yangu na salamu zimenifikia mimi. Binti yangu Ihsan hana kosa na asitajwe tena. Uliniuliza, nami nakujibu kwa kinywa changu. Nimekubali."

Nilitamani njia ya kurudi iwe ndefu isiishe. Kahawa ilikuwa imejaa mpaka barabarani. Hatukupigiwa makofi, na nisingependa. Mmoja alitema mate pembeni, na shangazi yake Lutfi alifunga dirisha lake kwa nguvu tusikie. Mzee Sanad alimwambia mtumishi wake asogeze viti, watu wazima wanapita. Wakasogea, tukapita.

Leo asubuhi ndoa imefungwa. Mzee Sanad na mwoka mikate ndio mashahidi. Mwozeshaji alipokwisha kuandika nilimuuliza habari ya Zuhra, akanieleza kitu ambacho Ami hakukitaja. Mama akiolewa na mgeni, kweli haki yake inadhoofika, lakini haimrukii ami moja kwa moja. Kaka wa baba mmoja na mama mmoja, aliyebaleghe, mwenye akili na kazi yake, anamtangulia ami. Ami Ghaffar anakuja wa pili, kaka. Wa kwanza ni wewe.

Ndiyo sababu gari la asubuhi litamleta Zuhra kwako, na kesho baada ya sala Ami atakuta kiti kitupu. Atakasirika, kisha atakuja Ismailia, au atamtuma mwanawe. Atakuambia habari za uso wa baba. Atakuambia mama yako ameolewa na mtu ambaye zamani hata ushahidi wake usingepokewa mahakamani kwa sababu anachekesha watu kwa ujira. Mimi sikuombi umpende mtu usiyemjua. Wala hatukuulizi ruhusa ya ndoa. Imekwisha kufungwa, kwa sauti ya Mama mwenyewe. Tunachokuomba ni mtoto. Ami akifika, mwambie Zuhra yuko kwa kaka yake, basi. Sisi tutahama hapa kabla hajatuhamisha, tukae Bab al-Shaariya, na ukisema ndiyo nitakuja kukusaidia kumlea mpaka Ami achoke.

Ukiona huwezi, usimrudishe hapa. Mpeleke kwa Mama Girgis, nyumbani kwa binti yake, mtaa Zuhra anaujua, kisha utuandikie.

Lutfi alimtuma dada yake leo mchana. Anasema maadamu mambo yamebainika, pete ipo. Nilimjibu aitunze, itamfaa mwingine. Moyo uliniuma kidogo kusema hivyo, sitakudanganya, lakini yeye alitengeneza tarbushi yake akaondoka bila kuinua macho, nami siwezi kuolewa na mgongo ule.

Mama anakusalimu sana, anasema usivae ile fulana nzito karakanani, utaugua. Alitaka kuongeza jambo akashindwa, akaniambia niandike kwamba ameshindwa. Mzee Sanad anakusalimu. Hasanein naye anakusalimu kwa heshima. Alitaka niongeze mzaha mmoja kwa ajili yako, nikamwambia tungoje kwanza jibu lako.

Wassalaam.

Dada yako akupendaye,
Ihsan Abdelhamid